Ombi la Kuahirisha

Siku ile, mahakama ya Malindi, chumba nambari tatu,
nilisimama, nikarekebisha joho, nikasema:
"Mheshimiwa, mteja wangu marehemu..."
Na mteja wangu, Bi Kadzo Ngonyo, yupo benchi la nyuma,
leso ya njano, pochi mapajani,
amenikodolea macho kama aliyesikia matanga yake yakitangazwa.
Karani Kitsao akakohoa. Wakili wa upande wa pili akainama
kutafuta kalamu ambayo haikuanguka.

Sikuomba radhi vizuri. Nilisema ulimi umeteleza.
Kumbe ulimi ulishabakiwa na lugha ya faili tu:
kutajwa tarehe kumi na nne, kusikizwa tarehe thelathini,
hati ya kiapo, kiambatisho cha tatu, ukurasa umekatika.
Chakula cha mchana, njugu za kwenye droo, kando ya mihuri.
Jicho la kushoto likicheza tangu Februari.
Watu husema jicho likicheza kuna mgeni njiani.
Mgeni gani huyu wa miezi mitano?

Miaka kumi na moja nimewaombea watu waahirishiwe:
aliyefiwa, anayeuguza, shahidi aliyezuiwa na mafuriko Garsen,
na yule aliyedai jino linamuua
nikamwona jioni yake akitafuna mishikaki.
Wote niliwasimamia. Nafsi yangu, hata siku moja.

Mwishowe mwili ukajiwakilisha wenyewe.
Haukulipa ada, haukuleta nakala tatu.
Uliketi tu sakafuni, choo cha mahakama,
pindo la joho likilowa,
ukakataa kuinuka.

Lamu, mtaa wa Mkomani, nyumba ya khalati Mwanakheri.
"Mato yako mekundu," alisema. "Lala."
Hakuuliza nimekuja kwa siku ngapi.
Simu yangu akaitia kidaka cha juu kabisa,
nyuma ya chetezo, nisipofika bila kigoda,
na kigoda akakikalia.

Siku ya kwanza nililala kama gogo.
Siku ya pili nikashtuka saa kumi alfajiri, moyo mbio,
nikipapasa faili chini ya mto.
Nikashuka birikani kunawa uso.
Mle mna visamaki, vilivyotiwa kula viluwiluwi vya mbu,
vinazunguka, vinazunguka, maji hayatikisiki.
Nikavionea wivu. Halafu nikakumbuka: navyo viko kazini.
Nikacheka peke yangu gizani, hadi punda wa jirani akajibu.

Siku ya nne Bwana Shekuwe akabisha hodi, bahasha mkononi.
"Ni mstari mmoja tu, wakili. Nisomee."
Naujua mstari mmoja. Una watoto na wajukuu.
Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka.
Khalati, jikoni, bila kugeuka:
"Hayupo."
"Si huyu namwona, Mwanakheri?"
"Wamwona. Hayupo."

Akaikunja bahasha, akaitia mfukoni mwa kanzu.
Usiku ule sikulala. Pengine ni notisi ya kumhamisha.
Pengine ni bili ya maji.
Kwamba kupumzika nako kuna deni, hakuna aliyeniambia.
Asubuhi nikamfuata dakani kwake:
Jumatatu jioni nitakupigia, nitausoma, na wajukuu wake wote.
"Nimeikalia tangu mwaka juzi," akasema,
"Jumatatu si mbali." Akanisukumia kikombe cha kahawa.

Jicho lilitulia, sijui siku gani.
Sikuwa nikiliangalia.

Jumatatu, chumba nambari tatu. Leso ileile ya njano.
Bi Kadzo alinishika kiwiko kabla hatujaitwa,
akanitazama, huku na huku, kama mtu anayekagua papai sokoni.
"Wakili," akasema, "mimi ningali hai.
Na wewe je?"